Kilele kwa Pumzi Moja

Jumatatu, 4 Machi

Nimeanguka. Si kwa kirungu, si kwa gesi ya machozi. Nimeanguka mbele ya bwalo la chakula, katikati ya sentensi!

Sisi wasemaji wa chama cha wanafunzi tuna desturi yetu: kilele cha hotuba husemwa kwa pumzi moja. Umati hupiga makofi mfululizo mpaka msemaji avute hewa, na anayevuta mapema huzomewa. Leo nilivuta mara tatu, hewa ya kutosha kujaza tairi la lori. Mabega yalipanda, nikaanza. Vidole vikafa ganzi. Midomo ikachonyota. Kifua kikabana kana kwamba mtu amenikalia. Nikajua: moyo ndio huu unasimama. Kisha sakafu.

Aliyenidaka kichwa ni Katibu wetu, yule yule niliyekuwa nikimtetea. Jumatatu ijayo anasimama mbele ya kamati ya nidhamu kwa kosa la kuongoza mgomo wa kudai maji mabwenini. Amebakiza muhula mmoja. Akishindwa, anafukuzwa. Kanuni zinamruhusu msemaji mmoja tu, na jina lililokwisha kupelekwa ni langu.

Jumanne, 5 Machi

Zahanati. Daktari amepima moyo, amesikiliza mapafu. Moyo hauna kasoro. Kisha akaniacha nijieleze, naye akanitazama tu. Nilipomaliza akasema kwamba katika maelezo yote yale nimevuta hewa kwa mdomo, kwa kifua, bila kupumzika.

Anadai sina upungufu wa hewa. Ninayo ya ziada! Nikipumua kupita kiasi, natoa nje hata hewa ya ukaa ambayo mwili unaihitaji kwa kadiri yake. Mishipa ya kichwani inabana. Huja ganzi, kizunguzungu, hofu. Na hofu inanifanya nipumue zaidi. Nikamwambia hoja hiyo inamlaumu mhanga na kumwacha dhalimu.

Akacheka. "Komredi, mimi sikulaumu. Nakuomba utoe hewa."

Nipumue kwa pua, kwa tumbo, na kutoa kuchukue muda mrefu kuliko kuvuta. Kutwa nzima, si siku ya hotuba tu. Mazoea, anasema, hayavunjwi kwa azimio. Azimio ndiyo silaha pekee niliyonayo!

Jumatano, 6 Machi

Mwenzangu wa chumbani anasomea uuguzi. Tunamwita Bibi kwa sababu hulala mapema, pamoja na kuku. Nimemsimulia, hakushangaa hata kidogo.

"Shoga, wewe ukifungua ujumbe kwenye simu unaacha kupumua kabisa. Kama mwizi aliyesikia mlango."

Nimekanusha kwa hoja nne. Ujumbe wa Katibu ukaingia. Nikajikamata, pumzi imesimama! Bibi akageukia ukutani, akicheka ndani ya shuka.

Mama naye kapiga simu. Mbona nahema, nimekimbia? Nimekaa, mama. "Mwanangu, umekaa vipi hivyo?"

Swali linalonitesa: usingizi unaokatika, hasira inayonipanda kwenye foleni ya maktaba, ile hofu ya alfajiri isiyo na sababu. Nimeziita dhamiri. Je, ni dhamiri, au ni hewa tu? Na zikitulia, nini kitabaki cha kusimama mbele ya kamati?

Ijumaa, 8 Machi

Mazoezi na Katibu, darasa tupu. Nimesoma utetezi taratibu, nikipumua kila penye mkato. Amenisikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani.

"Dada, hiyo ni hotuba au matangazo ya vifo redioni?"

Nikamweleza alivyosema daktari. Hakutaka kusikia. Nikitulia hivyo, wanafunzi watadhani tumenunuliwa.

Nikawaka. Nikampa kilele kizima kwa pumzi moja, kama zamani — ganzi ikaja kabla sijafika nusu. Karatasi ikaniponyoka. Ameitazama sakafuni kwa muda. Kisha akasema, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, basi atajitetea mwenyewe.

Hawezi. Namjua. Dakika moja tu atakuwa amemtukana mwenyekiti, mke wa mwenyekiti na waliomzaa.

Jumapili, 10 Machi

Mkono juu ya tumbo. Linapanda. Linashuka. Hakuna taifa lililokombolewa na tumbo!

Nikianguka kesho, nimemwangusha yeye.

Jumatatu, 11 Machi

Korido ya utawala. Tumetolewa nje. Naandika ili vidole vipate kazi.

Jina lililopelekwa halibadilishwi, kwa hiyo nilisimama mimi. Nilianza kwa kasi, ole wangu. Aya ya pili, ganzi. Nikaacha kusoma. Nikafunga mdomo, nikatoa hewa kwa pua, polepole, yote. Chumba kizima kimya. Hakuna aliyewahi kunisikia nikinyamaza, nao hawakujua wafanye nini na ukimya ule. Mshauri wa wanafunzi, aliyeleta mashtaka, ndiye aliyeshindwa kuuvumilia.

"Kama amemaliza, tuendelee. Chumba cha mtuhumiwa bwenini kimeshagawiwa mtu mwingine."

Mwenyekiti akamgeukia taratibu. Kimegawiwa lini?

Wiki iliyopita, akasema. Kabla hatujasikilizwa! Akakohoa. Mwenyekiti akavua miwani, akatuomba tutoke.

Katibu ameninong'oneza: nilinyamaza kwa makusudi? Mtego ule niliupanga? Anacheka, macho yanamng'aa. Nilikuwa naogopa kuanguka tu!

Mlango umefunguliwa. Karani anasema tuingie, wote wawili, na mtuhumiwa ndiye atakayeanza kujibu maswali ya kamati. Yeye! Namgeukia. Anacheka bado, lakini midomo imemkauka, na kifua kinampanda hadi mabegani, haraka, haraka. Ananiuliza mbona vidole vyake havina hisia.

Toa hewa, namwambia. Toa kwanza. Hanisikii.

Karani ameita tena. Katibu hajaweza kusimama. Nafunga daftari, nimwekee mkono wake juu ya tumbo —