Firigisi ya Jogoo Mmoja

Mungaa, siku ya pili ya Krismasi

Mke wangu mpendwa,

Nimefika salama kwa wakwe wa binti yetu. Mvua haijakatika tangu juzi, na viatu vyangu vya kanisani vimejaa tope.

Fedha ni chache mwaka huu, kwa hiyo jana alichinjwa jogoo mmoja kwa watu kumi na wanne. Mchuzi uliongezwa maji mara mbili. Firigisi, kama ujuavyo, ni ya mzee wa heshima, nasi wazee tulikuwa wawili, mbele ya wajukuu wote.

"Mkwe, nimekuzidi miaka miwili," alisema mwenyeji wangu, Mzee Hango.

"Nami ni mgeni, nimesafiri kutwa nzima," nilimjibu.

Basi nikamwomba atuombee chakula, kwa sababu sala zake ni ndefu. Alipowafikia wagonjwa na wafungwa, nilipeleka mkono bakulini taratibu, macho nimeyafumba. Humo nikakutana na mkono wake. Hakukatiza sala hata kwa neno moja. Tulipapasa sote wawili katika mchuzi mpaka alipolazimika kusema amina.

Tulipofumbua macho, mkewe alikuwa akitafuna bila haraka.

"Nimemfuga mimi, nimemnyonyoa mimi, nimempika mimi," alisema. "Kuleni, ugali unapoa."

Tukamega ugali.

Wajukuu wanakusalimu. Nakuombea sikukuu yenye amani na mama yako apate nafuu. Ukichinja kuku huko, firigisi uile wewe, wala usinisubiri.

Mumeo akupendaye