Siku Niliyokataa Kulala

Rehema mchumba wangu,

Marahaba, mama. Hapa Buzuruga hatujambo. Bibi yako, mke mwenzio, kanunua kuku watatu na anawapenda kuliko mimi.

Umeniuliza kwa nini siku nilipopata kiharusi nilikataa kulala, nikang'ang'ania mlango mpaka nikapelekwa hospitali.

Ujanani nilishona kwa Mzee Sudi, fundi cherehani, mtu wa utani kutwa. Asubuhi moja mdomo wake ukapinda upande, chaki ikamdondoka, akasema maneno yasiyoeleweka. Sisi vijana wake tukacheka. Tulidhani anamwigiza mteja aliyetoka punde. Baadaye tukamlaza mkekani apumzike, na jioni ndipo tukampeleka hospitali. Alipona, lakini hakushika mkasi tena. Mpaka leo nayaona macho yake yakitutazama tunavyocheka.

Basi chai iliponichuruzika mdomoni na mkono wa kulia ukagoma kuinua kikombe, nikajua. Bibi yako akasema, "Jinyooshe kidogo, ni uchovu tu." Ulimi ulikuwa mzito, nikamwonyesha barabara kwa mkono wa kushoto. Daktari alisema tumewahi.

Nawe huko Mbeya, ukiona mtu uso umelegea upande mmoja ghafla, au mkono umekosa nguvu, au maneno yanamkwama, usimwambie alale. Mkimbize hospitali.

Jana nimejaribu kutunga uzi kwenye sindano. Nilianza baada ya adhuhuri, uzi ukaingia tunduni alasiri ikiadhiniwa. Bibi yako alikaa pembeni muda wote, kaikalia mikono yake asinisaidie.

Babu yako