Bahasha Nyuma ya Birika

Clive,

Pai imo kwenye oveni, ipashe dakika ishirini. ~~Mlishe paka.~~ Paka nimeshamlisha. Yeye hajanificha barua.

Asubuhi nimeikuta nyuma ya birika: ile kampuni ya maegesho imetushtaki mahakamani kwa tozo ya kuegesha gari tulipokwenda ufukweni Skegness, miaka mitano iliyopita. Wewe ulisema, "Hao si serikali, wapuuze, watachoka wenyewe." Wamechoka kweli, mume wangu. Siku ya mwisho ya kujitetea ni leo, saa kumi. Tukihukumiwa bila kujitetea, benki itatunyima mkopo wa nyumba. Nakimbilia mahakamani na utetezi mkononi.

Nikiwa mlangoni, tarishi ametumbukiza bahasha nyingine, yenye mhuri uleule wa mahakama. Sikuthubutu kuifungua, isije ikawa hukumu yenyewe. Iko chini ya sahani yako.

Mkeo,
Noreen