Kiwanja cha Mtu na Wifi Yake

Jumamosi, 4 Mei

Wifi kaja asubuhi, hata hodi hakubisha. Kaketi kitandani kwangu kama kwake. Kiwanja kimepatikana, anasema — kule kwao, ule mteremko wa juu ya mto alikokuwa akichunga mbuzi na kaka yake. Mwenye kiwanja, mwalimu mstaafu, anahamia kwa wanawe. Tununue pamoja, tujenge nyumba moja, tuzeekee huko.

Nimecheka mpaka machozi. Mimi na yeye! Nilipoolewa alikuwa akigeuza masufuria yangu kuona kama nimeyasugua chini. Tuliwahi kununiana mwaka mzima kwa sababu ya pazia.

Lakini tangu mume wangu afariki, nimwambie nani mwingine "unakumbuka?" naye akumbuke?

Nimesema nitafikiri. Nimekwisha kufikiri.

Jumapili, 12 Mei

Tumekwenda kukiona. Mwalimu katuzungusha mipaka yote: huku ua wa minyaa, kule mfereji, chini mto. Majirani wameitwa, wamekubali mipaka ndiyo hiyo. Hakuna ugomvi.

Na lile jiwe lipo. Marehemu alinisimulia habari zake tangu tukiwa wachumba — bapa, kubwa, walikokuwa wakijianika baada ya kuoga mtoni. Kichwani mwangu lilikuwa kama ukumbi. Kumbe halizidi meza ya kulia! Nimekaa juu yake. Lina joto. Nilitaka kumcheka, wa kuchekwa hayupo.

Wifi kavua viatu, kakaa kando yangu. Anasema kaka yake alikuwa akilala pale akiimba, sauti mbovu, mbuzi wanatawanyika. Mimi sikujua kwamba aliimba. Kwangu hakuimba hata siku moja. Nimemwonea wifi wivu — wivu wa kweli, uzeeni huu — kisha nikamwomba auimbe huo wimbo. Kaukumbuka nusu.

Jumanne, 21 Mei

Mwanangu hajafurahi. Chumba changu kwake kiko tayari, mkewe kishakipaka rangi. Huko shamba nikiugua nani atanikimbiza hospitali? Halafu na shangazi yake!

"Mama, nyinyi mtauana kwa miiko."

Nimemwambia kila mtu atakuwa na mwiko wake. Hakucheka. Akiwa na hofu ana uso wa baba yake mtupu. Nimemmenyea chungwa kama zamani. Kala lote.

Ijumaa, 31 Mei

Siku ya mwisho kazini. Chumba cha kushonea cha hospitali — harufu ya pasi na mashuka yaliyochemshwa. Nimepinda shuka la mwisho, nikakata uzi kwa meno, na mkasi uko mbele yangu. Wenzangu wakapiga makofi. Cherehani yangu kapewa binti mgeni. Nimemwonyesha inavyogoma ukiiharakisha.

Nilianza pale nikiwa na mimba ya mwanangu. Jioni marehemu alikuwa akinisubiri getini na baiskeli, napanda nyuma na tumbo langu, watu wanatucheka, yeye anawapungia mkono kama rais. Leo nimetoka, nikageukia upande ule ule alikokuwa akisimama. Mazoea.

Jumatano, 12 Juni

Hati imetoka. Majina mawili, lake na langu. Na ugomvi umeanza leo hii hii!

Wifi anataka mlango utazame barabara, aone nani anakuja. Mimi nataka utazame mto. Kasema kaka yake angemuunga mkono. Nikasema mume wangu angekuwa upande wangu. Fundi mwashi katuangalia, kaenda kunywa maji.

Kisha wifi, taratibu:

"Angechukua kofia, akatoka, akarudi tumemaliza."

Ndivyo. Ndivyo hasa! Tumecheka mpaka tukashikana tusianguke. Milango itakuwa miwili.

Jumatatu, 24 Juni

Nimesikia kwa mwanangu, si kwa wifi mwenyewe. Binti yake aliye ng'ambo kajifungua mapacha. Anamtaka mama akalee. Mkwe kaja mwenyewe kumchukua.

Nimekwenda. Sanduku wazi juu ya kitanda. Hakunitazama. Anasema atakwenda mara moja tu, watoto wakianza kutembea anarudi.

Wakianza kutembea watakimbia, wakikimbia wataenda shule, na wa kuwapeleka ni bibi. Sote tumezaa, tunajua. Nimemsaidia kukunja nguo. Nilizokunja kazikunjua, kazikunja upya. Nimemwacha.

Jumapili, 30 Juni

Naandika nikiwa kiwanjani, juu ya mfuko wa saruji.

Fundi kaanza kupiga vigingi asubuhi, kafunga kamba kuonyesha vyumba. Kaniuliza: kama yule mama anasafiri, chumba cha pili tukiondoe? Nyumba ya mtu mmoja haichukui muda. Nimemwambia angoje.

Mara gari. Wifi huyo, na gauni la safari, mkwe kashika usukani. Wako njiani kwenda uwanja wa ndege, kapita kuniaga. Lakini hakuaga. Kaziangalia zile kamba, kauliza chumba chake ni kipi.

Fundi kanitazama. Nikanyoosha kidole: kile pale.

Kainua gauni, kavuka kamba pale patakapokuwa mlango — pale pale, hakukata njia. Kasimama katikati. Kasema chumba chembamba, hata kitanda hakigeuki. Kamwamuru fundi asogeze kigingi. Fundi kakisogeza. Bado. Kasogeza tena.

Mkwe kapiga honi. Wifi kakaa chini, mavumbini, na lile gauni, kaniagiza maji. Nimemletea, nimerudi hapa kuandika — mikono inataka kitu cha kushika.

Sasa mkwe kashuka. Mtu mpole, kasimama nje ya kamba, hataki kuzivuka.

"Mama, ndege haitusubiri."

"Na huyu fundi je, atanisubiri?"

Mkwe ananitazama mimi, nimsaidie. Najifanya sioni. Fundi anafungua fundo la kamba upande wa mto, anauliza aongeze kiasi gani. Wifi anamwambia ongeza tu, nitakwambia pa kukoma.