Programu Inafanya Kazi, Ila Mke Wangu Hajui

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi. Mimi ni fundi friji, mke wangu anaandika programu za kompyuta ofisini kwao, na tangu pacha wetu waende shule ya bweni nyumba imekuwa kimya mno, ndipo nikamwomba anifundishe Java, lugha ya kuandikia programu, akacheka lakini akakubali, akaweka seva ya kupokea ujumbe kwenye kompyuta yake sebuleni, nami nikakaa chumbani na ile kuukuu niandike programu ndogo ya kufungua soketi, yaani njia ya kuunganisha kompyuta mbili, kutuma mstari mmoja uonekane kwenye skrini yake, na kusoma jibu. Mshauri, programu ilikubali zamani, yeye akiwa jikoni, nikatuma "Hujambo", seva ikajibu yenyewe, kama alivyoipanga, "Sijambo, fundi", nikacheka peke yangu, halafu nikaingiwa na hofu kwamba masomo yamekwisha, nikakimbia sebuleni kuifuta ile salamu, nikarudi nikaondoa mstari unaousukuma ujumbe utoke, seva ikawa inangoja nami nangoja, nikaita, "Mama Pacha, imegoma tena." Akaja, akavuta kiti, tukaongea ya kazini, ya watoto, mpaka chai ikapoa. Sasa kila jioni naharibu kitu, leo namba ya mlango wa kuingilia seva, kesho jina la kompyuta, na sijawahi kuwa na raha hivi kwenye ndoa yangu. Lakini juzi alishusha pumzi akasema, "Baba Pacha, labda mimi sijui kufundisha. Jumamosi nitamleta mwenzangu wa ofisini akuelekeze." Nifanyeje?

Fundi Friji

Fundi, nilikusoma huku nacheka, nilipofika kwenye maneno ya mkeo kicheko kikaniishia. Unampenda, hilo halina ubishi, na wapo wanaoniandikia wakililia jioni moja tu kama hizo zenu. Ila mwalimu amefundisha vizuri, mwanafunzi amefaulu, halafu mwanafunzi huyohuyo anamfanya mwalimu ajione hafai. Hapo umekosea, na usinitafutie visingizio.

Wateja wako wamekuzoesha vibaya. Wao hawakuiti mpaka kitu kiharibike, nawe ukadhani na mke huitwa hivyohivyo.

Usingoje Jumamosi. Leo jioni rudisha kila mstari mahali pake, yeye akiwa sebuleni mbele ya seva yake. Andika: "Mwalimu, nilifaulu zamani. Nilitaka tu uje ukae nami. Nisamehe." Tuma. Usimfuate kwenda kujieleza. Vuta kiti cha pili, umngoje.