Kinu Kitupu cha Bi Mwatum

KAMATI YA KUSAIDIANA, OLE
Kikao cha dharura, Jumamosi, 14 Juni 2025, baada ya alasiri, katika chuo cha Kurani.

Waliohudhuria: Bi Rahila (Mwenyekiti), Masoud, Conchesta (mwalimu wa skuli), Yumna (Katibu).
Mwalikwa: Bi Mwatum, shangazi yake Masoud.
Hakuhudhuria: Mzee Mjaka, kwa udhuru wa mguu.

KUMB. NA. 1/6/2025: MLIO
Katibu alieleza kwamba kila alfajiri amekuwa akimsikia Bi Mwatum akitwanga kinu kisicho na kitu: mti juu ya mti, mkavu. Mlio ule ulimfuata hata usingizini, akaota mikarafuu yote ya Ole imesimama kimya kuusikiliza. Mwenyekiti alimwomba Katibu aache ndoto, aeleze haja. Katibu alisema haja ni hiyo hiyo: kamati ilimwondoa Bi Mwatum katika zamu za kutembelewa kwa sababu anayetwanga huhesabiwa kuwa anajiweza, kumbe kinu chenyewe kitupu.

KUMB. NA. 2/6/2025: CHAKULA
Mwenyekiti alipendekeza aombewe mchele katika ofisi ya ustawi wa jamii. Masoud alipinga. Alisema ukoo wao haujawahi kutajwa kwa njaa, na kwamba Katibu angetwanga vyake asingesikia vya watu. Bi Mwatum aliomba kusema.

"Masoud mwanangu, muhogo nnao. Mtu ndiye sina. Natwanga mjue nimeamka. Siku nisipotwanga, mje."

Masoud alivua kofia, akaivaa tena.

KUMB. NA. 3/6/2025: WENZETU WA FUNDO
Conchesta alieleza kwamba aliipigia simu kamati ya kisiwa cha Fundo, tunayoshirikiana nayo. Huko majirani hupokezana kulala kwa mzee aliye peke yake, na ofisi ya ustawi hupelekewa lile tu lililowashinda. Masoud alisema Fundo ni padogo, mmoja akipiga chafya kisiwa kizima humwombea rehema. Bi Mwatum alicheka, akasema chafya ya namna hiyo ndiyo anayoitaka.

Iliamuliwa majirani wapokezane kulala kwa Bi Mwatum, na Masoud atengeneze komeo la mlango. Masoud alikubali, akauliza nani ataanza.

KUMB. NA. 4/6/2025: KUFUNGA
Mwenyekiti alisoma dua, watu wakaondoka kabla ya magharibi.

Mwenyekiti: Bi Rahila ....................
Katibu: Yumna ....................

Utekelezaji: Godoro la Katibu lilihamishwa jioni ile ile. Bi Mwatum alimpisha upande wa dirishani.