Ekzosi ya Kaka Idi

Jumatatu, 5 Oktoba 1998

Maabara ya chuo asubuhi. Injini ya dizeli, mimi na wavulana ishirini na sita wa Kichina, wote wananisogezea spana kana kwamba sijawahi kuiona. Mchana wali na mboga. Nguo bado mbichi, mvua haikatiki.

Jioni nilikwenda hotelini kwa Mzee Sefu. Kafika jana kutoka Dar kujaza kontena lake. Jirani yetu Magomeni, ananijua tangu sijaota meno. Alinipa karafuu za mama, na barua ya Idi.

Miezi kumi na minne kaka yangu hajaniandikia. Mara ya mwisho ilikuwa kwenye simu, nilipomkataa rafiki yake aliyetaka kunioa. Alisema mwanamke makanika hana mume wala heshima, nibaki huku huku Uchina, nisimhesabu kaka. Sasa barua. Haina samahani hata moja. Kanunua gari la spoti la Kijapani, milango miwili, jekundu. Ekzosi, bomba zima la moshi, imeoza. "Nichagulie wewe, Saumu. Wewe ndiye fundi wa familia."

Fundi wa familia. Nimeisoma mara nne. Nimefurahi, na nimekasirika kwa kuwa nimefurahi.

Simpigii. Aliyetukana ndiye apige. Ekzosi nitamtengenezea, tena nzuri hivi kwamba ikifika atashika simu mwenyewe.

Jumatano, 7 Oktoba

Idi hakuleta vipimo vya namba. Kaleta waya. Ndivyo mafundi wetu wanavyofanya: unalala chini ya gari, unakunja waya mnene kufuata njia ya bomba, mwanzo hadi mwisho, halafu unamkabidhi mchomeleaji. Ramani kamili, haina haja ya kalamu. Nilipouchukua kwa Mzee Sefu nilikumbuka Idi akinifundisha hivyo kwa pikipiki ya baba. Nilikuwa na miaka tisa.

Nimevuka mto hadi mtaa wa Haizhu na waya wangu basini. Watu walinipisha. Karakana ya Liang, mchomeleaji, ni mlango mmoja wa chuma, ndani giza na cheche. Wote wanamwita laoban, bosi, ingawa bosi mwenyewe kalala chini ya teksi. Aliushika waya, akaugeuza mara mbili, akasema gari la namna hii halipo.

Nilikasirika. Nikamwambia lipo, liko Dar es Salaam.

Jumamosi, 10 Oktoba

Siku nzima kuchagua mafla, lile pipa la kunyamazisha. Duka la kwanza wana za kung'aa, mdomo mpana kama sufuria ya pilau. Nilitoa sumaku mfukoni. Iling'ang'ania. Chuma cha kawaida kilichopakwa urembo. Muuzaji alinifukuza kwa mkono kama kuku.

Kwa laoban Liang kuna namna mbili. Moja ina vyumba ndani, moshi unazunguka, sauti inatoka imechoka. Nyingine bomba limenyooka katikati, limetobolewa matundu, limezungushiwa pamba ya kioo. Hiyo inanguruma. Alifunga ya pili kwenye gari la mteja wake, akaniachia nikanyage mafuta mwenyewe. Niliisikia kifuani. Namjua Idi. Angekuwepo angecheka peke yake.

Mama hapendi kelele. Nimefikiria hilo basini njia nzima. Mwisho nimechagua ya kunguruma, lakini ndefu zaidi, na bomba la inchi mbili na nusu. Pana zaidi ya hapo ni ujinga. Likipanuliwa sana gari linapiga makelele halina nguvu, na Idi kwenye foleni ya Jangwani atabaki kunguruma papo hapo. Chuma kisichoshika kutu, maana Dar chumvi iko hata hewani. Nimeridhika. Ndiyo kazi nzuri ya kwanza niliyoifanya nje ya darasa.

Jumatatu, 12 Oktoba

Mzee Sefu kakiri. Waya haukuingia kwenye sanduku, akaukunja mara tatu. Alipofika aliunyoosha kwa kukisia, akauweka vizuri juu ya kitanda, asiniambie.

"Si waya tu, mwanangu?"

Nilitamani kulia. Laoban alikuwa sahihi, gari lile halipo. Ncha mbili za bomba na mafla vinaweza kutengenezwa, lakini kona ya kati, pale bomba linaporuka ekseli, mhimili wa magurudumu ya nyuma, bila kipimo haiwezekani. Nimetuma faksi kwenye duka la vitambaa la Idi. Namtaka apime upya, safari hii kwa futi, aniandikie namba.

Laoban aliuliza kwa nini simpigii tu simu. Nilimwambia faksi haikosei namba. Uongo mtupu.

Ijumaa, 16 Oktoba

Hakuna jibu. Siku nne.

Nimekwenda ofisi ya faksi kila siku baada ya kipindi. Yule mama wa kaunta sasa akiniona tu anatikisa kichwa, mei you, hakuna. Idi kanuna tena. Labda lugha ya faksi ilikuwa kali. Niliandika "pima vizuri". Kwani kuna ubaya gani?

Leo nilisimama mbele ya kibanda cha simu na kadi mkononi. Nikarudi. Mama husema hasira hasara. Najua. Lakini miezi kumi na minne si mchezo, na mimi ndiye niliyetukanwa.

Jumatano, 21 Oktoba

Nimepiga. Nyumbani, si dukani. Nilijiambia nampigia mama.

Alipokea mtu nisiyemjua sauti, nikasikia watu wengi nyuma. Kisha mama. Sauti imekauka, anasema mafua. Nikauliza wageni gani hao. Akasema kuna shughuli ya jirani. Nikamuuliza Idi. Akasema kasafiri, yuko Mbeya kikazi, hajui atarudi lini.

Mbeya. Muuza vitambaa anakwenda Mbeya kufanya kazi gani? Kamwambia mama aseme hivyo. Hataki kuongea nami. Kaagiza ekzosi, halafu kajificha. Mama aliniuliza kama ninakula, akauliza tena, halafu akasema niswali sana. Kadi ikaisha.

Nimeumia. Naandika wazi hapa kwa kuwa hakuna wa kusoma. Nilidhani ile barua ilikuwa mkono wa amani.

Jumapili, 25 Oktoba

Bi Zuhura kaja bwenini na sufuria ya biriani. Mfanyabiashara wa Unguja, hununua vyombo vya plastiki. Tumesalimiana mara tatu tu maishani. Leo kakaa kwa saa nne nzima, kafua hata shuka zangu, kaniuliza ndoto ninazoota. Anayaonea huruma maisha ya wanafunzi, nadhani. Nilimwonyesha mchoro wa ekzosi. Aliutazama muda mrefu, akasema kaka yangu ana bahati kuwa na mdogo kama mimi.

Nikamwambia Idi haijui thamani ya bahati hiyo. Akainuka kwenda kuosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Alhamisi, 29 Oktoba

Nimegombana na Mzee Sefu. Kontena linafungwa bandarini Huangpu Jumamosi ijayo. Nilikwenda Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla, nikamkuta anahesabu katoni za wanasesere, nikamwomba nafasi ya mita moja na nusu tu. Akasema limejaa. Mzigo wake ulikuwa haujafika hata nusu ya kontena, niliuona kwa macho yangu. Nikamwambia basi atengue katoni mbili. Akasema ekzosi haina haraka, nisome kwanza, mitihani inakaribia. Hakunitazama hata mara moja.

Nilimwambia maneno mabaya mbele ya Wachina. Kwamba yeye ndiye aliyeharibu waya, na sasa ananinyima nafasi. Kwamba kama angekuwa mtoto wake angetengua kontena zima. Alisimama tu na karatasi zake. Mzee mkali yule, sokoni wanamwogopa. Leo alirudi tu kuhesabu katoni.

Sijuti. Nimebaki na siku tisa. Nikipata kipimo cha kona Jumatatu, laoban anamaliza Ijumaa. Barua ya Idi imeandikwa nyuma ya karatasi ya gereji, na namba ya simu ipo juu. Nitampigia fundi wake moja kwa moja. Simhitaji Idi.

Jumatatu, 2 Novemba

Nilipiga saa nane mchana, huko asubuhi ndiyo wanafungua. Alipokea Fundi Maneno mwenyewe. Nilijitambulisha: Saumu, mdogo wake Idi, nataka vipimo vya chini ya gari jekundu.

"Pole sana, dada. Gari lipo, hatujaligusa. Mama amesema lisiguswe mpaka arobaini ipite."

Nikauliza arobaini ya nani.

Nikauliza tena.

"Kumbe hawajakwambia."

Jumanne, 3 Novemba

Malaria. Ilimpanda kichwani. Aliugua Jumatano, akafa Jumapili tarehe kumi na nane. Siku nne. Kazikwa Jumatatu.

Tarehe kumi na sita nilisimama mbele ya kibanda na kadi mkononi.

Jumatano, 4 Novemba

Sikwenda darasani. Mzee Sefu kaja na Bi Zuhura, wakasimama mlangoni kama wezi. Mama alimpigia simu tarehe ishirini. Akamfunga kwa amana: mtoto yuko peke yake ugenini, msiba usisemwe kwenye simu, aambiwe na mtu wa nyumbani, ana kwa ana, na awepo mwanamke wa kumshika. Mzee alikubali. Kila asubuhi alisema leo, kila jioni akasema kesho. Hata lile kontena, alishindwa kupakia ekzosi ya marehemu na alishindwa kunieleza sababu. Alilia mbele yangu. Sijawahi kumwona mzee akilia hivyo.

Nilimwambia atoke. Siku kumi na tano mji mzima wanajua, na mimi natembea na mchoro kwapani nikimtukana maiti kwa kununa. Walinilisha biriani ya msiba wangu mwenyewe.

Halafu walipoondoka nikakumbuka. Mwaka tisini na tano baba alipofariki, Idi alikuwa Mwanza. Mimi ndiye niliyepiga simu. Nilimwambia baba anaumwa kidogo, njoo. Alisafiri siku mbili akiwa na dawa ya kikohozi mfukoni. Alipofika hakunigombeza.

Alhamisi, 5 Novemba

Nimempigia mama. Tulilia kwanza, muda mrefu. Nilikuwa nimepanga maneno makali. Sikuyatumia. Ana miaka sitini na kitu na kamzika mwanawe.

Nilimuuliza kama faksi yangu ilifika. Ilifika Jumanne, Idi akiwa bado mzima. Alitaka kupima Jumatano baada ya kufunga duka. Jumatano homa ikaanza.

Kisha mama akasema jambo ambalo hakujua uzito wake. Tangu Sefu aondoke na ile barua, kila simu ikilia Idi alikuwa anawahi yeye kupokea. Anaacha chakula, anaruka viti. Akisikia si mimi anarudi mezani.

"Nikamwambia si umpigie wewe? Akasema, 'Ngoja, Saumu atapiga. Nimeshamwandikia.'"

Jumamosi, 7 Novemba

Nimekwenda Haizhu kumwambia laoban aache. Nilitafuta Kichina cha kusema, nikasema tu kaka yangu amekufa. Aliuliza mkubwa au mdogo. Mkubwa. Akazima mashine, akanipa kiti, akamimina chai.

Vipande vimepangwa ukutani. Kazi safi, mishono ya kuchomelea imelala sawasawa, mwanya pale tu inapokosekana kona. Aliuliza avifanyeje. Nikamwambia sijui. Akasema vitakaa.

Kutoka hapo nilikwenda kwa Mzee Sefu kabla hajatoka kwenda Huangpu. Nilimwomba radhi kwa yale ya Yide Lu. Alisema ameshasahau, akaniomba radhi na yeye. Tukapeana mkono. Bado nina hasira naye. Zimepungua.

Jumatatu, 16 Novemba

Maabara, maktaba, wali. Nimepata alama za juu kwenye jaribio la mfumo wa moshi. Mwalimu kanisifu mbele ya wote. Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka kipindi kikaisha.

Alhamisi, 26 Novemba

Arobaini. Nyumbani wamesoma hitima. Hapa tulikuwa wanawake watatu chumbani kwa Bi Zuhura, Yasini, kahawa, tende. Mvua imekatika na baridi imeanza. Nilivaa sweta mbili.

Mchana nilimpigia mama. Aliuliza kama nimekula, nikasema ndiyo. Akaniambia Fundi Maneno amekuja kuuliza habari za gari. Sikutaka kuongea habari za gari. Nilimwomba anisikilize kidogo, asijibu.

Nikamweleza yote niliyotaka kumwambia Idi. Kwamba barua niliielewa siku ile ile. Kwamba nilishamsamehe kabla sijafika mstari wa mwisho. Kwamba nimechagua ya kunguruma, inchi mbili na nusu, na kwa nini si pana zaidi. Nilimsikia anapumua tu, na majogoo ya jirani. Nikaendelea, nikaingia kwenye habari za pikipiki ya baba. Kadi iliisha kabla sijamaliza.